Mdundo Uliovuta Sauti

Walikutana kwenye uchochoro wa mafundi redio, Jumamosi mchana, mahali ambapo hata kupishana ni kwa kuombana radhi. Fundi mmoja alikuwa amekuja kununua risasi ya kulehemu nyaya. Dada mmoja mwenye gauni la njano akamkanyaga, akamshika bega asianguke, akacheka.

"Samahani, kaka. Nimepita juu yako kama daraja."

"Pita tu, daraja halijavunjika," akajibu fundi. Kisha akamtazama usoni. Alimjua.

Mkononi dada huyo alikuwa na maikrofoni iliyofungwa kwenye kitambaa. "Unamjua mtu anayenunua hizi?"

"Unauza kwa nini?"

"Nilikuwa mwimbaji. Siku ya onyesho langu kubwa sauti iliniyumba mbele ya ukumbi mzima. Kiongozi wa bendi akaniambia nikapumzike. Mwezi wa tatu huu napumzika."

Hapo ndipo fundi alipotakiwa kusema ukweli. Badala yake akasema, "Usiuze. Waya umelegea, nipe nikurekebishie." Waya ulikuwa mzima kabisa.

Ukweli ni kwamba siku hiyo ya onyesho fundi mitambo mpya wa bendi alikuwa yeye, ameketi nyuma ya ukumbi asikoonekana na mtu. Alikuwa na kisanduku cha madoido, kile kinachoipa sauti mwangwi na mtetemo. Uzuri wa kisanduku hicho ni kwamba unaweza kuamuru kitu kimoja kikitawale kingine: ukikanyaga pedeli mwangwi unapanuka, au mwimbaji akipaza sauti mtetemo unapungua. Siku moja kabla, katika kujifurahisha, aliamuru mdundo wa ngoma uvute sauti ya mwimbaji juu na chini. Alicheka peke yake, kisha akasahau kuifuta amri ile. Ubeti wa pili ngoma zilipoingia, kila pigo likaivuta sauti ya dada wa watu nje ya wimbo, hata kwenye spika iliyokuwa miguuni pake. Wimbo ulipoisha aliligundua kosa, akalifuta, akanyamaza kimya.

Walikuwa wamepeana namba, na sasa kila jioni simu ya fundi ilikuwa inalia.

"Fundi Waya, umekula?"

"Bado."

"Mtu mzima anakumbushwa kula."

"Mimi mtu mzima tangu lini?"

"Mvi zako mbili nimeziona, mpenzi, usijifiche."

Fundi alicheka, na akikata simu moyo ulikuwa unamsuta. Alimpenda, tena sana. Siku moja akamwomba, "Niimbie kidogo tu."

"Usinitoneshe. Daktari kanipima mara mbili, anasema koo zima. Lakini nilijisikia kwa masikio yangu." Akashusha pumzi. "Shangazi kanipa duka lake la vitambaa, mji mwingine. Naondoka Jumatatu. Utakuja kunitembelea?"

Usingizi ulimpaa fundi. Asubuhi akamwita chumbani kwake, akamweka kwenye kiti pekee, akamweleza yote bila kuruka neno. Dada alisikiliza huku akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Ulijua lini?"

"Kabla hujashuka jukwaani."

"Na bado ukaniomba nikuimbie."

"Nilikupenda, nikaogopa kukukosa."

"Ulijipenda wewe," akasema taratibu. Akaichukua maikrofoni yake mezani, akatoka bila kufunga mlango.

Fundi hakumfuata, maana angemwambia nini? Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mazoezi, akasimama mbele ya bendi nzima, akasema, "Yule dada hakukosea. Niliyekosea ni mimi." Kiongozi wa bendi akatoka nje kumpigia dada simu, akarudi na kusema, "Kusanya vitu vyako, bwana. Hapa huna kazi tena."

Alikuwa amepiga magoti anachomoa nyaya alipoliona lile gauni la njano mlangoni.

"Usichomoe," dada akasema. "Nionyeshe."

Fundi akairudisha amri ileile. Mpiga ngoma akaanza, dada akaimba ubeti wa pili, na sauti ikayumba kama siku ile. Uso ukamshuka. Fundi akaifuta amri.

"Tena," akasema dada.

Ngoma zikapiga. Safari hii sauti ilisimama, nzima, haikutikisika hata kidogo. Dada akanyamaza katikati ya mstari, akajishika koo kwa mikono miwili, akalia. Fundi naye alilia palepale chini, mbele ya wanaume wenzake, asijifute.

"Miezi mitatu," dada akasema alipoweza kusema. "Nilikuwa naamka usiku najaribu kuimba chini ya shuka, mama asisikie."

"Nisamehe."

"Bado. Sijui lini." Akapangusa macho. "Kiongozi, kazi yake mrudishie. Ninamtaka karibu, anisikie kila siku."

Akaivuta pedeli ya mwangwi kwa kisigino mpaka ikawa chini ya mguu wake mwenyewe, mbali na fundi. Kisha akaishika maikrofoni na kumgeukia fundi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamwita kwa jina lile la kwenye simu.

"Kaa hapo, Waya wangu. Usiguse kitu."

Akaanza wimbo upya, kutoka mwanzo.