Kadi Imejaa

Ukumbi wa maonyesho ya simu na kamera ulikuwa umejaa watu kama siafu, na msusi akasimamisha mlingoti wa simu yake katikati ya njia, mbele ya meza ya mtu. Alivaa gauni la rangi ya limau, nywele kazisuka mwenyewe mistari myembamba hadi mgongoni. Ndiyo kwanza amefungua kinywa kuwasalimu wafuasi wake, sauti ikatoka nyuma.

"Dada, umeniziba mlango."

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, kamera ndogo inaning'inia kifuani kwa mkanda wa ngozi.

"Njia ni ya wote," akasema msusi.

"Ya wote wanaopita. Wewe umejenga."

"Na wewe, nani kakufunga kamba shingoni kama mbuzi? Mwenye zizi anajua umetoka?"

Watu wa meza za jirani wakacheka. Kijana hakucheka. Kazi yake ilikuwa kuuza na kutengeneza kamera, na siku hiyo alileta kamera mpya ya fulufremu, umbo dogo la kutia mkobani lakini ndani jicho pana. Tangu asubuhi watu walikuja, wakaipapasa, wakaipiga picha kwa simu zao, wakaenda. Hasira zilikuwa zimemjaa, zikamwangukia msusi.

"Hicho kisimu chako ni kibatari. Kinamulika pua, masikio yanabaki gizani."

"Kibatari kina wafuasi elfu arobaini. Hiyo nyumba yako ndogo yenye dirisha kubwa, nani anachungulia?"

"Lete kichwa kimoja. Upige wewe, nipige mimi. Tuone."

Ugomvi nao ni mbegu. Hujui umeudondosha wapi mpaka uote. Kesho yake fundi alifika saluni kwa shangazi yake msusi, na mteja mmoja akapigwa picha mara mbili. Kwenye kamera kila unywele ulisimama peke yake, na kisogo kiking'aa kama kimepakwa mwezi. Msusi aliona, moyo ukampiga teke, lakini mdomo ukagoma kukubali.

"Yangu imeshapanda mtandaoni, watu mia mbili wameipenda. Yako bado iko kwenye kamba."

Fundi akaunganisha kamera na simu yake, akamtumia msusi picha palepale. Kuanzia siku hiyo simu hazikutulia.

"Kibatari, umewaka?"

"Nimewaka. Wewe umeshakula majani?"

"Nimekula. Nakuja kukuona."

"Usije. Njoo saa kumi."

Shangazi akanyanyua macho kwenye sinki la kuoshea nywele. "Hawa wanagombana au wanachumbiana?"

"Tunagombana, shangazi," msusi akajibu, akajipaka rangi ya mdomo.

Adhuhuri moja, nyuma ya duka la kamera, fundi alimwonyesha kitu ambacho hakuwa amemwonyesha mtu. Kwenye kioo kidogo cha kamera alitokea mama mmoja mnene, miwani puani, kwenye cherehani. Ndiye mama yake, mshonaji, aliyefariki mwaka uliopita.

"Kitendawili," akasema yule mama kwenye kioo, bila kuinua macho. "Ndugu wawili, kila wakikutana wanaumana, na hawaachani."

Fundi akasimamisha video. "Tegua."

"Mume na mke."

"Hapana. Na ushushe hicho kibatari."

"Narekodi mkanda wako tu, nipate cha kukucheka. Paka na mbwa?"

"Hawaachani, amesema. Utategua siku ukipata akili. Huyu mama namvaa kifuani, ndiyo maana kamba haitoki shingoni."

Msusi akaishusha simu. Hakumwita mbuzi siku hiyo yote.

Wiki mbili baadaye alipata bibi harusi wa kumpamba, na familia ilitaka video nzuri. Fundi alikuwa na kazi dukani. Akavua mkanda, akamvisha msusi shingoni kwa mikono yake.

"Ukiidondosha, usirudi."

"Nani alikwambia nina hamu ya kurudi?"

Hakuidondosha. Ila katikati ya kazi, bibi harusi ananyanyua shela, kioo kikaandika: kadi imejaa. Kamera ile ndogo ina mlango mmoja wa kadi ya kuhifadhia picha, na kadi ya akiba hakuna. Sasa, mtu wa simu anajua picha ikishapigwa inapanda juu, mtandaoni, yenyewe. Ukiifuta hapa, iko kule. Na si alimwona fundi kwa macho yake akituma? Akapapasa menyu mpaka akafika pa kusafisha kadi. Kamera ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo, akarekodi saa tatu nzima, akarudi dukani akitembea kama aliyeshinda.

"Kadi yako ilijaa takataka. Nimekusafishia."

Fundi akaipokea kamera. Akaitoa kadi, akaiingiza kwenye kompyuta, akatafuta. Alichovua ni vipande: nusu ya mkono, gurudumu la cherehani, kisha bibi harusi, bibi harusi, bibi harusi.

"Si iko kule juu?" msusi akauliza, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

"Juu wapi? Ilikuwa humu. Humu tu."

"Mbona hukuitoa? Wewe si ndiye fundi?"

Hilo ndilo lililoharibu kila kitu, kwa kuwa lilikuwa kweli.

"Toka," akasema fundi. "Umemzika mama yangu mara ya pili, na safari hii hata kaburi hakuna."

Kesho yake mlangoni kwa fundi pakabandikwa karatasi: WATU WA SIMU WAPITE MBALI. Msusi akapiga simu mara tisa, ikakatwa mara tisa. Kisha fundi akatoa video mtandaoni, hakutaja jina, akasema kuna watu wana kidole tu, kichwa walisahau nyumbani. Msusi naye akajibu kwa yake: kuna mafundi wanaolinda kamera za watu na kulaza hazina zao nje. Wafuasi wakashangilia pande zote mbili kama kwenye ngumi. Akizima simu, msusi alikuwa analia.

"Umeshinda?" shangazi akamuuliza.

"Nimeshinda."

"Hongera. Futa kamasi, mteja anakuja."

Mwezi ulipita hivyo. Asubuhi moja, akimrekodi mteja, simu ikamwandikia: nafasi imejaa. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kupunguza. Safari hii alitazama kila kipande kabla ya kukigusa. Akafika kwenye kipande cha mkanda wa ngozi, sekunde arobaini na moja. Kidole kikaganda hewani.

Alivaa gauni lilelile la limau, akapita chini ya ile karatasi, akaingia.

"Hujui kusoma?" akauliza fundi.

"Najua. Tazama, kisha unifukuze."

Picha ilitikisika. Mkanda, kidole gumba cha fundi, kisha kioo cha kamera, na ndani yake mama na miwani yake, sura imefifia, uso wa msusi umeakisika juu yake. Sauti ilikuwa safi. Ndugu wawili, kila wakikutana wanaumana. Halafu fundi mwenyewe: tegua. Ikaisha.

Fundi akairudisha mwanzo. Akairudisha tena. Mara ya nne akaketi sakafuni.

"Kibatari," akasema, na haikujulikana anaiita simu au mtu.

"Jibu lake limepotea na kadi," akasema msusi. "Lakini ninalo kila siku mkononi, nikawa silioni." Akatoa mkasi wake wa saluni mkobani, akauweka juu ya kaunta.

Fundi akautazama. "Mama alikuwa anamalizia hivi: ukiwang'olea msumari unaowaunganisha, unabaki na visu viwili, na nguo haikatiki."

"Nisamehe."

"Sijakusamehe."

"Basi naondoka."

"Nani kakwambia uondoke? Nitakusamehe kidogo kidogo."

"Itachukua muda gani?"

Fundi akainuka, akavua mkanda, safari hii akautundika ukutani. Akaibandua karatasi mlangoni, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

"Nimepiga hesabu. Miaka kama arobaini hivi. Utavumilia?"

Msusi akaugusa mkasi pale kaunta. "Nitakuja na simu yangu."

"Njoo nayo. Lakini leo, kabla hatujagombana tena, tukainakili hiyo video mahali kumi."