Maneno ya Bluu ya Delfina

Kila asubuhi kabla ya kengele, Yovita alifungua darasa la sita, akafuta vumbi kwenye kompyuta pekee ya darasa na kuiwasha. Mwalimu Katarina alimpa kazi hiyo kwa sababu shuleni kwao, pale mjini Ende, hapakuwa na mtoto nadhifu kumshinda.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na masomo ya Delfina, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Kila neno gumu liliandikwa kwa rangi ya bluu. Delfina akilibofya, ilifunguka video fupi ya mama yake akilieleza neno hilo kwa ishara za mikono. Mwalimu na mama huyo walizirekodi video hizo likizo nzima.

Ijumaa moja Yovita aliziona video zimetapakaa ovyo. "Lo, fujo gani hii!" alijisemea. Akazihamishia zote kwenye folda mpya na kuzipa majina ya namba. Akaenda nyumbani akijisifu moyoni.

Jumatatu walisoma mzunguko wa damu, na mtihani ulikuwa umekaribia. Delfina alibofya "moyo". Kioo kikaandika: faili haipatikani. Akabofya "mshipa". Jibu lile lile.

"Kompyuta nayo imekuwa bubu!" Sipri alipaza sauti, darasa likaangua kicheko. Delfina hakusikia maneno, lakini aliyaona meno. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Mwalimu akamgeukia Sipri, maana juzijuzi alimkamata akicheza michezo kwenye kompyuta ile. "Umegusa nini safari hii?"

"Haki ya Mungu, Mwalimu, sijagusa kitu!"

"Toka nje! Na kompyuta hii usiiguse tena."

Yovita alikumbuka folda yake mpya, akainamia daftari. Sipri alitoka akiburuta miguu, machozi yakimlengalenga.

Kesho yake Delfina hakuja, wala siku iliyofuata. Mwishowe Yovita akaenda kwa kina Delfina, akamkuta mama yake anamenya mihogo mlangoni.

"Harudi tena huko," mama alisema. "Anasema mmemchoka. Ameniuliza, 'Mama, kwani wamekufuta?' Nimjibu nini?"

Yovita akaangua kilio. "Ni mimi, Mama Delfina. Sikuzifuta, nilizihamisha tu. Nilidhani napanga."

Kisu kikasimama. "Basi usiniambie mimi peke yangu, mwanangu."

Asubuhi Yovita alisema yote mbele ya darasa. Mwalimu Katarina akamgeukia Sipri.

"Sipri, nimekuonea," alisema. "Niwie radhi." Sipri alitazama dirishani.

Maneno ya bluu bado yalikuwa yameshika majina ya zamani ya video. Lakini video ipi ilikuwa ya neno lipi? Yovita hakujua ishara hata moja. Ikabidi Delfina aitwe. Alikuja na mama yake, uso ameukunja. Akatazama video moja baada ya nyingine na kuandika neno lake, naye Yovita akairudishia jina na mahali pake. Jua likazama wangali kazini. "Moyo" ulipofunguka, Yovita alijaribu kuiga ishara ile, akakosea. Delfina akamshika mkono, akamrekebisha.

"Kiungo, yaani lile neno la bluu, ni kama mtu aliyeelekezwa nyumba," Mwalimu aliwaambia wote siku iliyofuata. "Mwenye nyumba akihama bila kuaga, mgeni atapiga hodi kwenye nyumba tupu. Kabla ya kuhamisha faili, uliza nani anaitegemea. Ukiihamisha, rekebisha viungo vyake, kisha uvijaribu kimoja kimoja. Na ukikosea, sema siku ile ile. Video tumezirudisha. Machozi ya Delfina na aibu ya Sipri, hivyo hatuwezi kuvifuta."

Wakati wa mapumziko Yovita alimfuata Sipri uwanjani. "Nisamehe, Sipri."

"Leo sitaki."

"Nitakuja tena kesho."

Sipri aliupiga mpira ukutani, akaudaka. "Njoo," alisema.