Mti wa Holi Ulionyolewa

Kinyozi alikuwa na mikono isiyotulia. Mchana alinyoa wateja barazani. Jioni aliugeukia mti wa holi, ule wa majani yenye miiba, uliokuwa mbele ya dirisha la mama yake. Mkasi mkubwa ulilia kachu, kachu, mpaka mti ukawa mviringo safi.

"Sasa umependeza!" aliuambia.

Mama hakucheka. Miguu yake ilikuwa imechoka, kwa hiyo alishinda kitini hapo dirishani. "Mwanangu, uliniahidi matunda mekundu na ndege. Kila mwaka naona majani tu. Nipige soga na majani?"

Kinyozi aliumia sana. "Basi kesho naung'oa. Mti wenyewe tasa."

"Unang'oa nini?" Alikuwa jirani yao, mwuza miche. Aliingia haraka, akaokota kitawi kilichokatwa. "Kaka, vitone hivi vyeupe ni nini?"

"Si uchafu?"

"Uchafu wapi! Ni maua! Holi huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Wewe kila yakitoka, unayanyoa. Matunda yatatoka wapi?"

Kinyozi alishika kichwa. "Ole wangu! Labda pia ni mti dume, usiozaa?"

"Huu ni jike. Tazama kidude cha kijani katikati ya ua. Hicho ndicho huwa tunda. Dume halizai, lakini lazima liwe karibu. Liko kwangu, na nyuki wanaijua njia ya kuleta chavua yake."

"Sasa nifanye nini, dada?"

"Tulia! Kata tawi kavu au linaloziba njia tu, matunda yakishaisha na kabla ya maua. Wakati wa ukame, mwagilia shinani. Na matunda ni ya ndege. Watoto wasiyale, yatawaumiza tumbo."

Lo, mikono ilivyomwasha! Mti ulitimka nywele, naye akapita akiangalia pembeni.

"Vumilia," Mama alimtania. "Huyu si mteja."

Mwaka uliofuata maua yalijaa, nyuki wakavuma. Matunda yakatoka ya kijani, kisha yakawa mekundu pyu.

Asubuhi moja, kinyozi akiwa katikati ya kunyoa kichwa cha mteja, Mama alipiga kelele: "Wamekuja! Njoo, wamekuja!"

Kinyozi alitupa kitana, akakimbia. Matawi yalijaa ndege! Waligombania matunda, wakarukiana, wakapiga makelele. Mama alikuwa amebana uso kwenye kioo, machozi ya furaha yakimtoka.

Mteja alimfuata, kichwa nusu kimenyolewa. "Fundi, na mimi je?"

"Shh!" Mama alisema. "Msinifukuzie wageni."