Mkono wa Mtu wa Breki

Jumamosi, tarehe kumi na nne Agosti. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeukalia mlima kama nguo mbichi, na baridi ilikuwa inang'ata masikio. Stesheni ya chini ilifurika watu wa likizo, kila mmoja akitaka kiti cha dirishani. Msusi, aliyeitwa hivyo kwa kazi yake ya kusuka nywele, alikuwa amevaa gauni la njano chini ya koti la kaka yake, na kichwani amefunga kilemba cha zambarau. Mkono mmoja ulimshika shangazi yake, mwingine ukaburuta begi. Mlangoni mwa behewa la mwisho, kiatu kizito kikatua juu ya kidole chake.

"Wewe! Huna macho?"

"Ninayo mawili, dada. Yote yalikuwa kwenye hicho kilemba. Nisamehe."

Alikuwa mwanamume mrefu, koti la buluu la reli limembana mabegani, filimbi ikining'inia shingoni. Kwenye treni ile ya kupanda mlima kila behewa lilikuwa na gurudumu lake la breki, na mtu wa kulizungusha. Yeye ndiye aliyekuwa wa behewa la mwisho, na wenzake walimwita Breki.

"Na ukiwa unatazama vilemba, breki anaishika nani?" Msusi aliuliza.

"Mungu, mpaka nirudi."

Shangazi akacheka. "Huyu kijana amelelewa."

Kaka yake Msusi hakucheka. Alikuwa fundi wa magari, na mtaani kwao walimwita Nyundo, wala si kwa sababu ya ufundi. Miaka miwili nyuma, mume wa Msusi alimvunja mfupa wa bega kwa mguu wa kigoda, kisa chai imepoa. Nyundo alimfuata shemeji yake hadi kazini, akampiga mpaka akalala barabarani akitema meno na damu. Ndoa ikafa siku hiyo. Tangu hapo, mwanamume yeyote akimkaribia dada yake, Nyundo alikunja ngumi kwanza, maswali baadaye. Msusi naye alipiga magoti akamwambia Mungu: mkono wa mwanamume hautanigusa tena kwa nguvu. Heri nizeeke peke yangu.

Walipanga vyumba katika nyumba ya wageni karibu na stesheni ya juu, na kila siku walipanda treni. Reli ilipita ukingoni mwa mabonde, chini maji yakivunjika juu ya mawe. Breki aliwaonyesha mbega weusi wenye mabega meupe. Walikuwa bado wanawashangaa, tai akashuka kutoka juu kama jiwe lililotupwa. Akamng'oa mtoto wa mbega kifuani pa mama yake, na kilio cha yule mama kikalifuata behewa hadi ndani ya handaki. Shangazi alianza kuomba kwa sauti.

"Mlima mzuri, lakini hauna huruma," Breki alisema gizani.

"Na watu wa mlima je?" Msusi alimchokoza.

"Sisi tuna huruma mpaka inatutia umaskini."

Jioni Breki alimpigia Msusi simu, kwa namba aliyomwomba kwenye treni.

"Umekula, malkia wa zambarau?"

"Nimekula."

"Umeniwaza?"

"Nimekuwaza ulivyonikanyaga. Kidole bado kinauma."

"Basi kesho nitakibeba."

"Kidole tu?"

"Na mwenyewe akikubali."

Msusi alifunika kinywa kwa khanga ili kaka yake, aliyekuwa chumba cha pili, asisikie kicheko. Alikuwa amesahau kwamba anaweza kucheka hivyo.

Jumatano, treni ilisimama kujaza maji mahali ambapo nyani huwa wanasubiri. Ilikuwa sheria madirisha yafungwe. Msusi alimwona nyani jike na mtoto mgongoni, akamkumbuka yule mama wa mbega, akafungua dirisha na kutoa kipande cha mkate. Hakuliona dume lililolala juu ya paa, limeinama, mdomo wazi. Breki aliliona akiwa anaingia kutoka nje. Wakati huohuo filimbi ya kuondoka ililia.

Paa! Breki alimchapa Msusi kifundo cha mkono, mkate ukaruka nje. Akamshika bega, lilelile lililowahi kuvunjika, akamwangusha sakafuni. Dume likaufuata mkate, na abiria hawakuona kitu isipokuwa mwanamume aliyempiga mwanamke. Msusi alipiga yowe la miaka miwili.

Treni ilikuwa imeanza kuteremka. Breki alikimbilia gurudumu lake akalikaza kwa mikono miwili, na hapo ndipo Nyundo alipomfikia. Ngumi ya kwanza ilipasua mdomo. Ya pili ilimgongesha kichwa kwenye chuma. Kiwiko cha Nyundo kikavunja kioo cha dirisha. Vipande vikawaangukia wote wawili.

"Dada yangu! Unampiga dada yangu mimi nikiwa hai?"

Breki alitema jino. Mikono haikutoka kwenye gurudumu. Angeliachia, behewa zima lingeishia bondeni. Akazila ngumi zote, mteremko mzima, damu ikimchuruzika kwenye vifungo vya koti, mpaka abiria wanne walipomkalia Nyundo.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Msusi alijifungia chumbani. Simu iliita, akaiacha. Ikaita tena. Shangazi, aliyekuwa kwenye sala, akafumbua jicho moja. "Ipokee au izime, mwanangu. Mungu nami tunashindwa kusikilizana."

Akaipokea.

"Kulikuwa na dume juu ya paa," Breki alisema kwa mdomo uliovimba. "Lingekukata mkono."

"Huna mdomo wewe? Kwa nini hukupiga kelele?"

"Ningepiga kelele ungegeuka kunitazama mimi."

Msusi akauliza swali alilokuwa analiogopa. "Umewahi kumpiga mwanamke?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Leo, saa nne asubuhi. Na sijui kama nitalala."

Msusi alikata simu, akalia hadi mto ukaloa. Alitaka kumwamini. Lakini mumewe naye alikuwa na sababu kila mara, na kila sababu ilikuwa na maelezo yake mazuri. Alimwambia shangazi, "Wote huanza na kofi moja la bahati mbaya."

"Kweli kabisa," shangazi alijibu. "Sitakudanganya ili upate mume. Omba, halafu tazama."

Jumamosi walishuka kurudi mjini. Viti vyao vilikuwa vilevile vya behewa la mwisho, na pale kwenye kioo kilichovunjwa palikuwa pamezibwa kwa kadibodi. Breki alisimama kwenye gurudumu, uso umevimba kama andazi. Hakuthubutu kumtazama Msusi. Nyundo alimkazia macho njia nzima.

Treni iliposimama kwenye maji, kadibodi ilichanika kama karatasi.

Dume liliingia kichwa na mabega, meno marefu kama vidole, likanyakua mkoba wa shangazi uliokuwa na mkate. Shangazi aliung'ang'ania kwa mikono yote. Nyundo alirusha ngumi, na dume likamng'ata mkono, likautikisa. Nyama ikafunguka hadi mfupa ukaonekana. Watu walikanyagana. Breki aliruka juu ya viti akalifunika dume kichwa kwa koti lake. Likamrarua kifua kupitia shati, likageuka tena kwenye mkoba, meno yakielekea vidole vya shangazi.

"Achia, shangazi! Achia!"

Shangazi alikuwa amefumba macho, anaomba, hasikii. Msusi akainua mkono. Akamchapa shangazi kwenye mikono yote miwili, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mara mbili. Vidole vikafunguka. Mkoba ukapita dirishani, na dume nyuma yake.

Vilio vikajaa behewa.

"Umenipiga," shangazi alisema, akiitazama mikono yake mizima.

"Nimekupiga, shangazi. Nisamehe."

"Nimesamehe. Lakini mwanangu, una mkono mzito!"

Msusi alitazama kiganja chake. Kilikuwa kinawaka moto. Hakikuwa na hasira ndani yake, kilikuwa na woga tu. Akainua macho, akamkuta Breki amepiga magoti, shati lake limechanwa vipande, anaufunga mkono wa Nyundo huku damu yake mwenyewe ikidondoka sakafuni.

"Jumatano nilikung'oa jino," Nyundo alisema kwa meno yaliyofungwa na maumivu.

"Lilikuwa bovu. Umeniokolea safari."

"Usinichekeshe, nitazimia."

"Zimia tu, shemeji. Tumekushika."

Nyundo alipanua macho kwa neno hilo. Hakukunja ngumi. Pengine ni kwa sababu mkono haukukunjika. Mungu ana njia zake.

Stesheni ya chini, majeruhi walipotolewa na umati kukusanyika, Breki alimsogelea Msusi, kifua kimefungwa kwa shuka la abiria.

"Nataka kuja kwenu, kwa heshima, nijitambulishe. Hata ukinikatalia. Naapa mbele ya shangazi na kaka yako kwamba—"

"Usiape," Msusi alimkatiza. "Wa kwanza aliapa vizuri kuliko wewe, na suti nyeupe alivaa. Hapa atakayeahidi ni mimi."

Alipanda juu ya kigari cha mizigo ili asikike. Gauni lilikuwa na damu ya watu wawili.

"Shangazi, kaka, na nyinyi abiria tuliofika pamoja, kuweni mashahidi. Huyu mtu aje kwetu. Nitampokea. Mungu akipenda nitamwita mume wangu, na sitamtupia ya Jumatano usoni maisha yangu yote, kwa sababu leo nami nimepiga. Lakini siku mkono wake utakaponiinukia kwa hasira, hata kama ni chai imepoa, hata kama atalia na kupiga magoti, sitangoja kupambazuke. Nitafungua mlango, nitaondoka kwa miguu yangu, na sitarudi. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na Mungu amenisikia."