Nafasi ya Nne

Wananchi wa Kindu, wa ng'ambo hii na ile ya mto Lualaba, kaeni kimya! Natangaza rasmi habari ya penzi kubwa, safi na lenye heshima kuliko yote yaliyowahi kuonekana katika stesheni ya mji huu. Lilianza Jumatatu asubuhi, mbele ya watu sitini, kwa neno "mwizi".

Aliyelitamka ni Hadidja, binti wa Mzee Hamadi wa mtaa wa Mikelenge, amevaa kitenge cha manjano, nywele zimesukwa kwa uzi zikasimama kama antena. Aliyetukanwa ni Mukendi, kijana kutoka Kasai, mgawaji wa nafasi za kupakia mabehewa, koti lake la abakosti la kijivu limefungwa hadi kooni katika joto lile. Nyuma ya Hadidja alisimama mdogo wake Aziza, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni ya masista: msichana mtulivu, mwenye adabu, mpole kupita kiasi.

"Citoyen Mukendi, niko na mchele ya mabehewa tatu. Hii njo wiki ya pili! Kila siku unapatia wengine!"

"Mama, wao wanaomba nafasi moja moja. Wewe unataka tatu, pamoja, siku moja. Njo shida."

"Usiniite mama. Ningekuzaa mimi, ungekuwa na akili."

Watu wakaangua kicheko. Mukendi akafunga kifungo ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Uwanja wa kupakia una nafasi nne tu. Ofisini kuna ubao wenye ndoano nne: behewa likiingia, kadi yenye jina la mwenye mali hutundikwa, likiondoka, hutolewa. Nafasi ikiwa wazi hupewa wa kwanza aliye tayari. Mchele wa Hadidja ulitakiwa kwenda Lubumbashi kama mzigo mmoja, kwa hiyo ulihitaji nafasi tatu wazi kwa wakati mmoja. Hazikuwa wazi pamoja hata siku moja, kwani moja ikifunguka tu, mtu wa behewa moja anajipenyeza. Na Mzee Hamadi alikuwa amekwisha kusema: mchele usipoondoka na treni ya Jumamosi, Hadidja atarudi jikoni, na biashara ataishika kaka yake Waziri.

Jumatano simu ya duka la Mzee Hamadi ililia, Hadidja akaipokea.

"Allo? Ni Mukendi wa stesheni."

"Ah! Mwizi amejifunza kupiga simu."

"Sikiliza. Nimeona kosa iko wapi. Kuanzia leo nafasi ikifunguka sipatii muntu. Naiacha wazi, na ile ingine naiacha, mpaka zifike tatu. Zote zako."

"Na mbona hukufanya vile zamani?"

"Hakuna aliyekuwa amenitukana vizuri namna ile."

Hadidja alicheka, kisha akakumbuka kwamba anamchukia, akakata simu.

Alhamisi nafasi ya pili na ya tatu zilikuwa wazi, zimekaa tu, na wenye behewa moja moja walimzomea Mukendi dirishani. Isidore wa pamba, aliyekuwa akipakia kwenye nafasi ya kwanza, alipiga kelele kuwa kijana amelogwa na kitenge cha manjano na kwamba mkubwa wake atapata habari. Mukendi alimeza yote. Ilibaki nafasi ya nne, na kwenye ndoano ya nne ilining'inia kadi ya Okito wa mawese, tangu Jumanne, haitoki.

Ijumaa asubuhi Hadidja ndiye aliyepiga.

"Unamficha nani kwenye nafasi ya nne?"

"Okito. Kadi yake iko kwa ubao, naiona kwa macho yangu."

"Na miye namuona Okito kwa macho yangu! Iko hapa dukani, ananunua sukari. Mawese yake iliondoka Jumanne. Anakusalimia."

Baada ya robo saa alifika stesheni, kiatu mkononi, Aziza akimfuata mbio. Alimkokota Mukendi kwa mkono wa abakosti mpaka nyuma ya ghala, mahali pasipoonekana kutoka dirisha la ofisi. Nafasi ya nne ilikuwa tupu. Mbuzi alikuwa amelala kati ya reli, anatafuna kamba.

"Siku tatu," Hadidja alisema polepole, na upole huo ulitisha kuliko matusi. "Siku tatu mbuzi anapata nafasi, miye hapana."

"Sikuja kuangalia. Niliamini ubao. Unisamehe."

"Hata bibi utachagua kwa ubao?"

"Yule nilimwangalia sana. Ameshika kiatu."

Kiatu kilishuka kidogo.

Ofisini Mukendi aling'oa kadi ya nne, akakunja uso. "Ya Okito niliitoa Jumanne kwa mkono wangu; nilipoiona tena nilifikiri ameleta behewa ingine. Hii si ya kwetu. Imekatwa kwa mkasi." Akaigeuza. Nyuma ilikuwa ya buluu, kama jalada la daftari, na aliisoma kwa sauti: "Aziza binti Hamadi, darasa la tatu. Hesabu."

Basi. Aziza ni mimi. Yote niliyoandika juu ya upole wangu naomba yafutwe.

Mchele ulipakiwa siku ile ile, nami nilihesabu kila gunia huku sikio langu likiwa mkononi mwa Hadidja. Jumamosi alipanda treni pamoja na mzigo wake. Mukendi alisimama chini ya dirisha.

"Ukirudi, mpenzi, naomba nafasi."

"Ngapi?"

"Moja tu."

"Moja inapatikana upesi. Anza kwa Baba. Atakuuliza mambo ya msikiti, ujitayarishe."

Kisha akaniinamia: "Na weye, kwa nini ulifanya vile?"

Nilimjibu kwamba nilipenda kuwaona wakigombana. Huo ni uongo. Nilijua mchele ukienda, yeye anakwenda nao, na mimi nilikuwa na siku tisa tu za likizo.