Kibuyu Kisirudi Kitupu

Asubuhi hiyo ya mwaka 1955, watu na mbuzi walisongamana ng'ambo ya Garsen wakingoja kivuko kivutwe kwa kamba. Mto Tana ulikuwa mwekundu, unajiendea taratibu. Gumato alikuwa ameketi na maziwa yake ya kuuza, leso ya manjano imemkaa vizuri kichwani, naye alijua imempendeza. Mara kijana mrefu akatokea mbio njia ya Idsowe.

Kwa wafuga ng'ombe wa hapo, mwanamume mzima hakimbii bure. Akikimbia, ng'ombe wamechukuliwa au simba ameingia zizini. Wanaume wakashika mikuki. Gumato akainuka kwa pupa, akapiga teke kibuyu chake, maziwa yakanywewa na mchanga.

"Ng'ombe wa nani?" akauliza mzee Roba, mvuta kamba.

"Hakuna kitu," kijana akajibu kwa haya. "Nakimbia tu."

"Unakimbia tu," akasema Gumato, "na maziwa yangu yamemwagika tu."

Kijana huyo aliitwa Dukicha. Kesho yake alimletea maziwa mengine, mbio tangu malishoni. Gumato akachungulia kibuyuni, akacheka mpaka machozi.

"Nilitaka maziwa, umeniletea siagi."

"Yametikisika njiani."

"Basi kesho utembee."

"Nikitembea nitachelewa kukuona."

Tangu siku hiyo kibuyu kilikwenda na kurudi. Dukicha alikileta na siagi, Gumato akakirudisha na tende au mahindi ya kuchoma. Kwao chombo hakirudishi kitupu ila anayetaka kukata maneno, kuvunja mapenzi. Gumato alimpenda, basi. Akikinusa kibuyu kile, alisahau hata wateja.

Aliyemtia Dukicha wazimu ni karani Mahmud, msomaji wa magazeti. Alimwambia kuna nchi inaitwa Australia, mbali kupita bahari yote, na mwakani watu watakimbia huko maili ishirini na sita. Nairobi wanachagua wakimbiaji. Siku mbili Dukicha alichunga ng'ombe akiiona nchi hiyo mawinguni. Siku ya tatu akaamua kwenda Nairobi kujaribu.

"Ujizoeze mikono mitupu," Mahmud akamwambia. "Hadi kijiji cha Wema na kurudi, kila siku."

Dukicha akampa dada yake Hawa kibuyu akirudishe. Hakuweka kitu ndani. Akili yake ilikuwa Australia.

Gumato alikitikisa kibuyu, akakitikisa tena, kisha akalia mbele za watu. Hakuenda tena kivukoni. Baba yake naye akasema posa ya Molu, mwenye ng'ombe wengi, ataijibu Ijumaa.

Alhamisi asubuhi Hawa akaja nyumbani kwao.

"Kaka anauliza mbona huonekani."

"Si alinirudishia kibuyu kitupu?"

Hawa akashika mdomo. "Alisahau, dada. Alikuwa anajifunza kukimbia mikono mitupu. Na leo anakwenda Nairobi."

Gumato akajaza kibuyu maziwa, akafunga leso kiunoni, akatoka mbio. Kivukoni watu wote wakasimama.

"Ng'ombe wa nani?" akauliza mzee Roba.

"Hakuna kitu, baba. Nakimbia tu."

Kivuko kilikuwa kimeanza kuondoka. Gumato akaingia majini mpaka magotini. Dukicha akainama kutoka kivukoni, akakipokea kibuyu.

"Ulinirudishia kitupu," Gumato akasema akihema.

Dukicha akaelewa, uso ukamshuka. "Wallahi nilisahau. Sikutaka kukata maneno."

"Kesho baba anawajibu watu wa Molu."

"Mwambie nakuoa mimi. Nichaguliwe, nisichaguliwe, nakuoa."

"Nitamwambia. Nenda ukakimbie, mpenzi, lakini hicho kisirudi kitupu."

"Nikuletee nini?"

"Mchanga wa huko utakakokimbia. Niukanyage na mimi."

Mzee Roba akavuta kamba. Katikati ya mto Dukicha akafungua kibuyu anywe maziwa, akakuta siagi. Akageuka. Gumato bado alikuwa majini, ameshika magoti, pumzi hazijamrudia. Dukicha akailamba siagi ile kidoleni, kidogo kidogo, mpaka Garsen.