Kiwiko cha Fundi Dari

Kiungo kinachouma hakina msimamo. Leo kinakubali kidogo, kesho kinanuna, keshokutwa kinakubali tena. Ndiyo maana mtaalamu wa viungo alianza kumshuku Fundi Dari. Kila alipomlaza kitandani na kumwekea kipimo cha pembe, ile mikono miwili ya plastiki iliyoshikana katikati, kiwiko cha kulia kilisoma nyuzi tisini. Si zaidi, si pungufu. Kilikuwa hivyo tangu fundi aanguke kutoka jukwaani akipiga plasta dari ya nyumba moja ya zamani.

Picha ya mfupa haikuonyesha kitu. Na mkono wenyewe, badala ya kukonda kwa kukaa bure, ulikuwa umejaa kuliko ule mzima.

"Fundi, unanikazia makusudi?"

"Nikukazie ili iweje, Dokta? Dari zitajipiga plasta zenyewe?"

Jibu lilikuwa zuri, ila alilitoa akitazama ukuta.

Mkewe, mshona nguo, ndiye aliyekuwa akimleta. Siku hiyo alibaki nyuma, akaurudishia mlango polepole.

"Dada, nyumbani anaunyoosha."

"Nilijua tu! Anajifanya."

"Akiwa macho hawezi. Nimeshamrushia kikombe cha chai ya moto, akakiacha kimwangukie mapajani." Akapunguza sauti. "Ni akilala. Unanyooka wenyewe, unapapasa ukuta. Juzi ulinipapasa uso. Sikumwamsha, dada. Sikujua angeamka nani."

Mtaalamu alimwambia ni uchovu. Majini kwake yalikuwa hadithi za kutishia watoto wasiotaka kulala. Hata hivyo, fundi aliporudi, alimfunga taulo la moto kiwikoni, akashusha pazia, akangoja. Haukupita muda fundi akaanza kukoroma.

Aliweka kipimo, akashika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akavuta. Na mkono uliokuwa mgumu kama komeo ukaja laini, ukaziacha zile tisini, ukanyooka kabisa, naye akaanza kutabasamu kwamba mwongo kakamatika, ila mkono haukusimama pale mikono ya watu wote inaposimama, uliendelea, ukakunjikia upande wa pili bila mfupa kulia wala mgonjwa kubadili pumzi, huku harufu ya saruji mbichi ikijaa chumbani, na alipotaka kuuachia akatambua kwamba si yeye tena aliyeshika, kwa maana vidole vya fundi vilikuwa vimegeuka na kumkamata yeye.

Fundi hakufumbua macho. Sauti nyembamba, isiyo yake, ilinong'ona:

"Umesoma ngapi?"

Ukelele aliopiga mtaalamu uliwainua hadi wagonjwa wa magongo kule nje. Fundi alishtuka usingizini, kiwiko kimejikunja palepale pa siku zote, akiuliza nani kaumia.

"Hili si la kwangu," mtaalamu alimwambia mke. "Mtafute anayelijua."

Aliyelijua alikuwa mganga mmoja, mama mtu mzima wa maneno machache. Mtaalamu naye alikwenda, akaketi karibu na mlango. Mganga alishika kile kiwiko, akasoma maneno yake kwa sauti ya chini mpaka jasho likamtiririka fundi na ile sauti nyembamba ikajibu.

"Alinikuta nimelala kwenye ufa wa dari. Akanizibia na saruji."

"Hakukuona. Toka."

"Nitoke niende wapi?"

"Hapa huna nyumba. Toka!"

Kiwiko kililia kama ubao unaovunjika. Dirisha likafunguka kwa kishindo, mganga akaanguka chali, na Fundi Dari akaunyoosha mkono, akamkumbatia mkewe, akalia kama mtoto.

Alipokuja kupimwa tena, kiwiko kilikunjika na kunyooka kama cha mtu yeyote. Alitoka akipiga mluzi, akiwatania waliokuwa kwenye benchi. Mkewe alibaki chumbani. Alikuwa amejizungushia mtandio shingoni, ameukaza, na joto lote lile.

"Sasa mtalala," mtaalamu alimwambia kwa furaha.

"Yeye analala."

"Na wewe je?"

Mke alitazama mlango kwanza, kisha akasogea karibu.

"Leo nimeamka nimelala chali, dada. Tumbo juu, vidole vya miguu juu. Lakini nilipofumbua macho, nilikuwa natazama godoro."